Bango la Taarabu Kibiti: Nani Alikuwa Anawaita Watu Kabla ya Statasi?

Wiki kadhaa zilizopita dogo mmoja wa Kibiti alinirushia bango kwenye WhatsApp, na chini yake swali fupi: "Kaka, mbona halivuti?"

Nikalifungua. Wadau, lile halikuwa bango, lilikuwa daladala la Mbagala saa 12 jioni. Sura kumi na moja za waimbaji na wapiga vyombo, kila moja imekatwa kwa simu na kubandikwa juu ya mwenzake. Fonti nne. Zambarau inagombana na rangi ya chungwa. "USIKOSE" imeandikwa mara tatu, utadhani anayesoma ni kiziwi. Halafu chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, ndipo unakuta siku na mahali: usiku wa taarabu asilia, Kibiti mjini, ukumbi mmoja karibu na barabara kuu.

Dogo (jina nalibana, mwenyewe kaomba, na wengine wa stori hii nao wabaki hivyohivyo) hana kosa sana. Kikundi kilimpa kazi kwa agizo moja tu: vijana waje. Tunaongelea taarabu asilia hapa, ya ganuni, udi, fidla na akodiani, siyo rusha roho. Wanaokuja ni mama zetu na bibi zetu, na kila mwaka viti vya mbele vinapungua mtu. Kiongozi wa kikundi ni bi mkubwa mmoja aliyeanza kuimba kabla dogo hajazaliwa. Alimwambia wazi kwamba safari hii ukumbi usipojaa, fidla zinauzwa. Na hakuwa anatisha. Mnunuzi yupo, kuna kwaya moja Dar imeshafika bei.

Kwa hiyo swali la "mbona halivuti" halikuwa la urembo wa grafiksi. Nilianza kuandika jibu la haraka, punguza sura, punguza rangi, kisha nikalifuta. Nikaanza kujiuliza kitu kingine kabisa: ukanda huu wa Rufiji watu wameitana kwenye ngoma, kwenye harusi, kwenye taarabu, hata kwenye vita, miaka na miaka. Nani alikuwa anawaita? Kwa kutumia nini? Nikazama huko, na haya ndiyo niliyorudi nayo.

Opera nayo ilipitia hapohapo

Nianzie mbali kidogo, mnivumilie. Opera ni igizo ambalo watu hawaongei, wanaimba mwanzo mwisho, huku okestra nzima ikipiga chini ya jukwaa. Kama unadhani hujawahi kuionja, umeionja. Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, aliichomeka katikati ya "Bohemian Rhapsody" mwaka 1975, na baadaye akaimba "Barcelona" pamoja na Montserrat Caballé, mwimbaji mkubwa wa opera wa Hispania.

Opera na taarabu si ndugu wa damu, ila wamewahi kuwa majirani wa mtaa mmoja. Jumba la opera la Cairo lilifunguliwa mwaka 1869, na "Aida" ya Verdi ikaonyeshwa humo kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1871. Miaka hiyohiyo Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa anaitazama Cairo hiyohiyo akitafuta muziki wa kasri lake. Wazee wa taarabu wanasimulia kwamba alimtuma Mohamed Ibrahim kule kujifunza ganuni. Yaani kijana wa Unguja na mabibi wa Kizungu waliovaa glavu huenda walipishana barabara moja, kila mmoja akienda kusikiliza nyuzi zake.

Sasa tangazo. Kwa muda mrefu tangazo la opera Ulaya lilikuwa karatasi ya maandishi matupu: jina la mchezo, majina ya waimbaji, bei ya kiti. Orodha. Kama bango la dogo wetu, tofauti ni kwamba halikuwa na sura. Mwaka 1858 mchapaji mmoja wa Paris, Jules Chéret, alichora bango la "Orphée aux Enfers", mchezo wa kuimba wa Offenbach, na kuanzia hapo akawa baba wa mabango ya rangi yaliyochapwa kwa mawe. Rangi zikatoka ukumbini zikahamia ukutani barabarani. Mtu ambaye hajawahi kukata tiketi naye akawa anaona.

Ila bango lililonikamata mimi ni la "Tosca", opera ya Puccini iliyoonyeshwa mara ya kwanza Roma, Januari 1900. Lilichorwa na Adolfo Hohenstein, aliyekuwa anafanya kazi na kampuni ya Ricordi ya Milano, wachapaji wa muziki waliokuwa na kiwanda chao cha mabango. Katika saa zote zile za kuimba, alichagua sekunde chache tu. Mwanamke kasimama, mwanamume kalala sakafuni amekufa, mishumaa inawaka kando yake. Hakuna orodha. Unajiuliza: huyu dada kafanya nini? Ukishajiuliza hivyo, tiketi umeshanunua nusu.

Nikamtumia dogo picha. Akajibu: "Kaka hii kama thumbneli ya muvi." Kabisa, mdogo wangu. Thumbneli ya mwaka 1900.

Ngarambe, kampeni isiyo na karatasi

Halafu nikarudi nyumbani, na nyumbani kwetu kuna kitu kizito kuliko cha Paris na Roma.

Mwaka 1905 na muda mfupi kabla yake, watu wa Rufiji, Matumbi, Kilwa na kwingineko walikuwa wanalimishwa pamba kwa lazima chini ya Wajerumani, viboko juu. Ngarambe, sehemu za Rufiji, alikuwapo mtu anaitwa Kinjeketile Ngwale. Simulizi inasema alichukuliwa na mzimu akaingia kwenye maji, watu wakamngoja, na kesho yake akatoka nguo zake zikiwa kavu. Baada ya hapo misafara ikaanza kwenda Ngarambe kufuata dawa ya maji. Wazee waliohojiwa miaka ya 1960 na wanahistoria Gwassa na Iliffe waliikumbuka misafara ile kama ya harusi: watu wanaimba, wanacheza, vigelegele njiani.

Nani aliwaita? Hakukuwa na bango wala gazeti. Palikuwa na kitu Wamatumbi walikiita njwiywila. Habari ya kunong'onezwa. Inatoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine anayemwamini, kijiji hadi kijiji, na serikali haisikii. Anayekunong'oneza ni shemeji yako, ni binamu yako, ni mtu mliyelima naye pamba. Na ujumbe wenyewe hauishii kwenye maneno, unakupa la kufanya: nenda Ngarambe.

Hili silifanyii mzaha wa masoko. Vita ya Maji Maji ilianza Matumbi mwezi Julai 1905, Kinjeketile akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, na vita na njaa iliyofuata viliua watu ambao baadhi ya makadirio yanafikisha laki tatu. Mohoro bado ipo, ukitoka Kibiti unavuka mto unaendelea kusini. Ninalolitaka hapo ni moja tu. Kinjeketile tunamjua, na Ebrahim Hussein akamwandikia tamthilia mwaka 1969 ambayo wengi wenu mliisoma shuleni mkiwa mnasinzia. Lakini yule aliyetoka Ngarambe usiku na habari mdomoni, akapita porini mpaka Kipatimu, akagonga mlango wa shemeji yake, hatumjui. Ndiye aliyejaza watu. Jina hana.

Na ukiniuliza opera ya Rufiji iko wapi, ndiyo ile. Mtu anaingia majini, kijiji kizima kimesimama ukingoni, anatoka mkavu. Hohenstein angeipata hiyo asingelala.

Bango linalotembea

Kuna bango lingine ambalo liko ndani ya kabati la mama yako sasa hivi.

Kanga kama tunayoijua ilishika pwani hii mwishoni mwa karne ya 19. Duka maarufu la Mombasa lililoweka alama ya "Mali ya Abdulla" kwenye kanga zake lilianza mwaka 1887. Kanga ina sehemu tatu, na mnazijua hata kama hamjawahi kuzitaja: pindo linalozunguka, mji ambao ni kile kilicho katikati, na jina, yaani ule mstari wa maneno. Pindo linakamata jicho kwa mbali. Mji una kitu kimoja, korosho, nanasi, ua, jahazi. Jina unalisoma ukishasogea, na mara nyingi ukilisoma unageuka kuangalia nani amesemwa.

Taarabu na kanga zimeazimana maneno siku zote. Mstari unaimbwa usiku, baada ya muda unauvaa. Mwanamke anatoka kwenye shughuli anapita sokoni na kanga yake, na soko zima limeshajua jana kulikuwa na nini na nani kachomwa. Hiyo ndiyo statasi ya kwanza ya pwani, na ilikuwa na mambo yote: watazamaji, mafumbo, wanaojishuku. Aliyetunga yale majina ya kanga, maelfu kwa maelfu ya mistari, naye hatumjui. Dukani ulikuwa unaulizia kanga kwa jina lake, hakuna aliyeulizia mtunzi.

Hata Siti binti Saad, wa kwanza kuifanya sauti ya Kiswahili ya taarabu isafiri, hakusafiri kwa picha. Alitoka Fumba, alikuwa anauza vyungu. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice, na nembo ya kampuni ile ilikuwa mbwa anayesikiliza gramafoni. Fikiria. Mwimbaji mkubwa kuliko wote wa pwani, na anayekukaribisha kwenye lebo ni mbwa. Watu wakanunua. Waliifuata sauti.

Hapo nikamwambia dogo: futa sura zote. Akanyamaza kama dakika ishirini. Kisha: "Bibi ataniua."

Wachora mabango, kivuko, na mwaka ule

Miaka ya 1990 ndiyo watu wengi wa umri wa mama yangu wanaikumbuka kwa kelele. Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba na Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga walikuwa wanashindana nchi nzima, ngoma, maigizo, kwaya, sarakasi na taarabu ndani ya tiketi moja. Khadija Kopa upande mmoja, Nasma Khamis upande wa pili, na mashabiki wamegawanyika kama Simba na Yanga. Ukitaka kujua nani alikuwa anawavuta vijana kwenye taarabu wakati ule, ni ugomvi. Watu walienda kusikia nani kamjibu nani.

Tangazo lake lilikuwa gari na spika juu, jamaa mmoja mwenye sauti nzito anapita mtaa kwa mtaa anasema leo mtoto hatumwi dukani. Na ukutani kulikuwa na bango la mkono: ubao laini, rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli na milango, herufi nono zenye kivuli. Rangi zilezile na ubao uleule ambavyo Edward Saidi Tingatinga alivitumia Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, akaacha mtindo wenye jina lake. Lakini kwa Tingatinga mmoja anayejulikana, pwani hii ilikuwa na mafundi wasiojulikana ambao asubuhi wanaandika "Saluni ya Kiume", mchana wanachora chui kwenye ukuta wa baa, jioni wanaandika tangazo la muziki. Shoo ikipita, ubao unapakwa rangi nyeupe unaandikwa shoo nyingine. Ndiyo maana huyaoni leo. Yako chini ya mengine.

Huku kwetu kusini mambo yalikuwa yanachelewa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilikuwa inavukwa kwa kivuko pale Ndundu, na mvua ikikolea safari ya Lindi na Mtwara ilikuwa suala la dua. Kikundi cha Dar kikija huku kilikuwa hakina uhakika wa kuvuka wala kurudi. Daraja lile, karibu kilomita nzima, lilibadilisha pia burudani: Kibiti ikawa mahali pa kupita, basi linasimama watu wanakula, wanatazama kuta. Ukuta wa barabara kuu ukawa na thamani.

Kisha ukaja mwaka 2017. Nyie mliokuwa Dar mliusoma kwenye simu. Mauaji yaliyokuwa yakiendelea Kibiti na maeneo ya jirani yaliwachukua viongozi wa vijiji, askari, raia. Pikipiki zikapigwa marufuku kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Kwa mtu wa burudani hebu fikiria maana yake. Taarabu ni kitu cha usiku. Inaanza saa 3, inachangamka saa 6, na bango lolote la pwani linalojiheshimu limeandikwa "mpaka majogoo". Maneno hayo mawili yakakosa pa kukaa. Dogo wangu alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi wakati ule. Anasema anachokumbuka zaidi ni jinsi jioni ilivyokuwa kimya, watu wanafunga milango jua bado linaonekana.

Niliposikia hilo ndipo nikaelewa kitu ambacho nilikuwa sijakiona. Vijana wa Kibiti wa rika lake wameruka hatua. Miaka ile ambayo mtu anaanza kuibia kwenda ukumbini, anachungulia dirishani, anapigwa na mama yake kisha kesho anarudi, wao hawakuwa nayo. Tunasema vijana hawapendi taarabu asilia. Wengine hawajawahi kuitwa.

Maji yatakuwaje?

Huku ndani kwenye delta tangazo lina mambo yake. Mikoko ya Rufiji ndiyo msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko pwani ya Afrika Mashariki, na kwa karne nyingi boriti zake zilipakiwa majahazini kwenda kujenga nyumba za Unguja, Arabuni na Ghuba. Vijiji viko ndani ya vijito. Ukitaka kuja Kibiti mjini unapanda boti, unaingia Nyamisati au pengine panapofaa, kisha barabara. Na boti haiendi saa unayotaka wewe, inaenda saa ambayo maji yanataka. Wakati wa bamvua kijito kinajaa hadi kwenye mizizi ya juu, kisha kinapwa unabaki na tope. Maji mafu yana hesabu yake tena.

Kwa hiyo ukimwandikia mtu wa delta "Jumamosi saa 3 usiku" umemwambia nusu. Nusu ya pili ni: maji yatakuwaje? Zamani ngoma kubwa ziliwekwa kwenye mbalamwezi, na tunadhani ni kwa ajili ya mwanga. Mwanga ndiyo, ila mwezi mpevu pia ni bamvua, kijito kina maji ya kutosha kupitisha mtumbwi uliojaa watu. Mwezi wenyewe ulikuwa bango.

Na tukiwa hapohapo, delta hii imewahi kuuzwa duniani kwa mabango bila sisi kujua. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya vijito hivi mwishoni mwa 1914, ikazamishwa Julai 1915. Wilbur Smith akachota humo riwaya, na mwaka 1976 ikatoka filamu, "Shout at the Devil". Majina makubwa juu ya bango ni Lee Marvin na Roger Moore. Sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini na Malta. Rufiji hatukupata hata nafasi ya kubeba maji ya kunywa ya mastaa.

Bango la pili

Dogo akalala nalo siku tatu. Akaniambia amewauliza dada zake na marafiki zao kitu kimoja: mkienda mtaenda kwa ajili ya nini? Hakuna aliyetaja ganuni. Swali la kwanza lililorudi lilikuwa "tunavaa nini?"

Hapa nilicheka, kwa sababu mwaka 2012 jumba la English National Opera la London lilifanya kampeni ya kuwavuta vijana kwa kuwaambia njooni na jinzi zenu, hamna haja ya suti. Kule mavazi yalikuwa ukuta. Kwetu mavazi ndiyo mlango! Msichana wa Kibiti hataki ruhusa ya kuja na jinzi, anataka sababu ya kushona. Mwambie sare, tayari ameshaunda grupu la WhatsApp na ameshaweka mweka hazina.

Bango la pili likaja usiku wa Jumanne. Amelipanga kama kanga. Pindo jeusi na jekundu limezunguka pande zote nne. Katikati, kwenye mji, kuna kitu kimoja tu: mkono wa mwanamke wenye hina, umenyooka, umeshika noti iliyokunjwa. Anayetuzwa haonekani. Ni sekunde ileile unayoijua kama umewahi kukaa ukumbini, mtu ameguswa na neno, ameinuka kwenye kiti chake, anakwenda mbele kwa mwendo wa madaha na kila mtu anajiuliza ule mstari umemgusa wapi. Chini yake, mahali pa jina, maneno aliyoyatunga mwenyewe:

ULINISEMA KWENYE STATASI, NJOO NIKUJIBU KWA FIDLA

Halafu siku, saa, mahali, kiingilio. Sare: kanga yoyote, mshono wowote. Na mstari mdogo ambao sijawahi kuuona kwenye tangazo lolote la muziki: "Wa delta, maji yanajaa alasiri, boti zitawahi."

Nilimwambia hapo sina la kuongeza. Kilichobaki kilikuwa kwenda kwa bi mkubwa. Akaenda, simu mfukoni ikiwa imewashwa kwangu. Nami nilikuwa nasikiliza kama njwiywila.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Haya, lete nione."

Kimya. Namsikia anavuta pumzi. Kuna kuku mahali fulani.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Haupo bibi."

"Na wenzangu?"

"Nao hawapo."

"Huu mkono wa nani?"

"Wa anayekutuza."

Kimya tena, kirefu. Kisha bibi akauliza ile noti ni ya shilingi ngapi. Dogo akasema elfu kumi. Akaambiwa hapo sawa, maana alishaona mabango ya watu wengine yana noti ya elfu moja, ni kudhalilishana. Halafu akamwambia arudie kumsomea yale maneno. Akasoma. Bibi akacheka kicheko cha kifuani kabisa, akasema huyo aliyesemwa kwenye statasi anamjua, anakaa nyumba ya tatu kutoka pale.

Alikuwa na sharti moja. Kwenye saa, dogo alikuwa ameandika "saa 3 usiku hadi saa 6". Alifikiri wazazi wa mabinti watapumua. Bi mkubwa akamwambia afute hiyo saa 6.

"Andika mpaka majogoo."

"Bibi, watu watakubali?"

"Wewe andika. Miaka hiyo tumelala mapema inatosha."

Akaandika. Bango likatoka Alhamisi asubuhi. Kufikia jioni lilishaanza kutumika vibaya, kwa maana nzuri: mabinti wanaliposti bila kutaja shoo kabisa, wanalitumia kusemana, huyu kamtumia yule, yule kamjibu kwa kulituma tena na kicheko. Dogo akaniandikia analalamika kwamba mmoja amekata sehemu ya chini yenye siku na kiingilio na kubakiza mkono na maneno tu, na jina lake la dizaina limeondoka humohumo. Nikamwambia amejiunga na waliotunga majina ya kanga.

Shoo ni Jumamosi ijayo. Kuna grupu la watu thelathini na nne wameshona. Kutoka delta kuna boti mbili zimeahidi, tunasubiri maji. Mnunuzi wa fidla alipiga tena jana, na bi mkubwa amemwambia asubiri mpaka Jumapili.